Jiwe Lililopoteza Mahali Pake

Saa moja asubuhi, Mama Chekecheo amepiga magoti ndani ya mraba wa uchimbaji namba kumi na nne. Chini ya magoti ametandika vipande viwili vya godoro kuukuu. Mkononi ana mwiko wa mwashi uliolika ncha. Pembeni yake kuna brashi ya rangi na beseni la bluu.

Anakwangua udongo kidogo kidogo, kama mtu anayetoa ukoko kwenye sufuria ya kuazima.

“Mwenye haraka akalime,” anasema bila kuinua kichwa.

Wataalamu wanasema hapa palikuwa kambi ya watu wa kale. Walikoka moto, wakachonga mawe kuwa visu na vikwangulio, kisha wakahama. Kilichobaki ni majivu na vibanzi vya mawe, vingine vidogo kuliko ukucha.

Mama huyu wa miaka 52 amevitafuta kwa misimu kumi na moja. Kabla ya hapo alikuwa akiwachekechea wajenzi mchanga, na ndiko alikotoka na jina. Msimu ni miezi mitatu tu kwa mwaka. Ujira wa siku unanunua kilo nne za unga na lita ya mafuta, kisha anarudi kwenye mchanga.

“Kaka yangu alidhani ameoa mke, kumbe ameoa mwokota kokoto,” anatania wifi yake, ambaye ndiye mpishi wa wachimbaji.

“Wewe pika. Chai yako ina mchanga kuliko chekecheo langu,” anajibiwa.

Lakini kuna jiwe moja linalomnyima raha. Msimu wake wa kwanza alichimbua jiwe jekundu, ukubwa wa ngumi, limechongwa upande mmoja. Mawingu yalikuwa yametanda. Akaogopa mvua italizoa, akalichomoa, akalisafisha, akalifunga kwenye kanga na kukimbia nalo hemani.

“Nilijua nitapigiwa makofi,” anakumbuka. “Daktari akalitazama, akaniuliza, lilikuwa wapi? Nikasema, kule. Kule wapi, Mama? Nikatoka nimwonyeshe. Mvua imeshafuta kila kitu, hata alama za magoti yangu.”

Daktari ni mtaalamu anayeongoza uchimbaji. Katika kazi yake jiwe haliinuliwi kabla ya kupimwa: liko kina gani, limelalia upande upi, jirani yake ni nini. Kambi hii ina meko mawili, moja juu ya jingine, na waliokaa kwenye la chini walitangulia kwa karne nyingi. Jiwe lisilopimwa haliwezi kusema lilikuwa la nani. Likawekwa kwenye boksi na kibandiko: “Mahali hapajulikani.”

“Hakunifokea. Bora angenifokea, ningelia yakaisha.”

Tangu hapo, kila msimu ukianza huliomba boksi lile na kupitisha kidole gumba kwenye kovu la jiwe, pale kibanzi cha mwisho kilipobanduka. Kibanzi hicho kikipatikana kwenye udongo wake, nacho kikaoana na kovu, jiwe litajulikana kwao. Ila muda unamwishia. Eneo hili linakabidhiwa kwa mkandarasi wa barabara, na zimebaki siku tatu.

Saa tano, mwiko wake unagonga kitu. Anapuliza vumbi. Ni ncha nyekundu, upana wa kidole.

“Mpimaji!” anaita. Hakigusi.

Mpimaji hayupo. Betri ya mashine yake imeisha, amekwenda kuichaji ofisini. Na mbingu, bila hata aibu, zinaanza kudondosha matone.

Wachimbaji wenzake wanafunika miraba yao kwa maturubai na kukimbilia hemani. Wifi yake anapaza sauti: “Wewe! Litoe hilo jiwe uje, utalowa!”

“Haliondoki, na mimi siondoki!”

Anakifunika kibanzi kwa beseni la bluu, anazungushia udongo, anajitupia turubai mgongoni na kuliinamia. Dakika arobaini. Midomo yake inacheza.

“Nilikuwa naomba,” anaeleza baadaye. “Na kutukana kidogo.”

Mpimaji anafika akikimbia, amelowa chapachapa. “Shikamoo Mama, samahani sana...”

“Marahaba. Pima kwanza, samahani baadaye.”

Beseni linainuliwa. Chini ni kukavu. Mashine inasoma: tabaka la chini, hatua mbili kutoka mekoni. Ndipo kibanzi kinainuliwa.

Hemani, Daktari anatoa lile jiwe kwenye boksi na kumkabidhi Mama Chekecheo. Anakigeuza kibanzi mara ya kwanza, hakiingii. Mara ya pili, bado. Anakipindua juu chini.

“Kimekaa,” anasema.

Hakuna anayepiga makofi. Wifi yake anajifuta macho kwa aproni na kusingizia moshi, ilhali jiko lilishazimwa na mvua.

Daktari anamsogezea kalamu. Mama Chekecheo anakata “Mahali hapajulikani,” na kwa mwandiko wa polepole anaandika: “Mraba 14, tabaka la chini, karibu na meko.” Anausoma kwa sauti, mara mbili. Anasema moyo wake ni mweupe, haujawahi kuwa hivyo tangu msimu wake wa kwanza.

Wiki ijayo anarudi kwenye mchanga wa wajenzi. Huzuni anayo, hafichi. Lakini mpango anao pia: barabara ikikamilika, atapanda basi na wajukuu wake, amwombe dereva asimame kidogo.

“Wakiniuliza bibi uliliona wapi, sitasema kule tena,” anasema, akikusanya vipande vyake vya godoro. “Nitakanyaga lami kwa mguu huu. Hapa.”