Kiti cha Nyuma

Kila muuguzi anaponipaka spiriti kabla ya sindano, nakumbuka Jumamosi moja karibu na Kosele. Baba alikuwa amepanua jeti ya kabureta, kitundu kinachopitisha mafuta, ili gari letu kuukuu litumie spiriti ya miwa badala ya petroli. Lilipowaka, harufu ilijaa uani. Mama, Msabato, alikuwa na Biblia mkononi, tayari kwenda kanisani.

“Mama watoto, ingia. Haya ni mafuta tu.”

“Pombe ni pombe, hata ikiwa kwa tangi.”

Akaenda kwa miguu. Tulimfuata polepole kwa gari, mimi nikiwa kiti cha nyuma. Mvua ikaanza. Mama akainama dirishani.

“Shuka, mwanangu, twende.”

Kiti kilikuwa na joto, nje matope. Sikushuka. Tangu siku hiyo hakuniita tena kwenda kanisani.