Aliyeitikia Siku ya Kufunga Shule

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa bado mwanafunzi wa darasa la pili, na kazi yenyewe ilikuwa kushika kamba. Shule yetu ilikuwa katika kisiwa kimoja cha delta ya Rufiji. Wengi wetu tulitoka visiwa vingine na tulikaa kwa ndugu muhula mzima, kwa hiyo kila mwisho wa mwaka serikali ya wenyeji ilikodi mitumbwi miwili mikubwa ya kuturudisha makwetu. Nahodha wa mitumbwi hiyo alitaka mtoto mwepesi wa kukaa mbele kabisa, ambaye mtumbwi ukifika angeruka matopeni na kushika kamba ili usichukuliwe na maji. Alinichagua mimi.

"Wewe huwezi kutulia hata ukifungwa," aliniambia. "Basi kaa mbele, uwe wa kwanza kuona."

Nimefanya kazi hiyo ya kuwarudisha watoto makwao kwa maisha yangu karibu yote, majini na barabarani. Ninyi mnaofunga shule siku hizi kwa kupiga kengele na kufungua geti huenda hamjui kwamba iliwahi kuwa kazi yenye utaratibu wake. Nitaeleza ilivyokuwa wakati wa Mwingereza, na kwa nini mimi niliifanya kwa namna ambayo baadhi ya wakubwa wangu waliiona ya ajabu.

Kufunga shule kulianza siku nyingi kabla ya siku yenyewe. Tulipaka chokaa mawe ya njia ya kuingilia, mawe ambayo yaliletwa kwa mtumbwi kwa sababu delta haina mawe. Tulisuka mikeka na vikapu vya maonyesho. Tulifanya gwaride tukiwa na fito begani, tukaimba wimbo wa Mfalme, ambao sikuelewa neno hata moja lakini niliuimba kwa nguvu kuliko wote. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu wa bara, kijana, msafi, mwenye saa mfukoni. Hakuwa mkali kwa asili, ila alikuwa na sheria moja aliyoishika sana: jina linaitwa mara moja. Ukiitwa, unajibu "Nipo, Mwalimu" papo hapo. Asiyejibu alionja fimbo.

Darasani tulizoea. Lakini nje ya darasa tulikuwa na desturi yetu. Kwetu delta, mtu akiitwa kwa jina kutoka ng'ambo ya maji haitikii mara ya kwanza. Anangoja aitwe tena. Tulifundishwa tangu wadogo kwamba binadamu akikuhitaji atarudia, na kile kisicho binadamu huita mara moja tu, kikiitikiwa kimepata kilichotaka. Hakuna aliyekaa kutueleza zaidi. Ilikuwa kama kunawa mikono kabla ya kula.

Jambo jingine la kuelewa ni uwanja. Delta yote ni tope lililoshonwa na mizizi ya mikoko, na huwezi kukimbia juu ya mizizi. Mahali pekee pagumu palikuwa kwenye fungu, yaani mchanga unaojitokeza baharini maji yakipwa. Mbio zetu za mwisho wa mwaka zilifanyika hapo, katikati ya maji kutoka na maji kurudi. Watu wazima walitandika mikeka upande mmoja, na upande wa mbali, karibu na kichaka cha mikoko, kilichomekwa kijiti chenye kitambaa chekundu. Wakimbiaji walikizunguka na kurudi. Palihitajika mtoto wa kusimama pale ili mtu asikate njia.

Mwaka huo mtoto aliyesimamishwa pale alikuwa Kibwana, mtoto wa shangazi yangu. Alikuwa na mafua siku zile, sauti imekwaruza, na hakuweza kukimbia.

"Usiondoke hapo mpaka nikuite," Mwalimu Mkuu alimwambia.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mlinzi wa kijiti," wenzake wakamcheka. "Angalia kisikuibe wewe."

Mbio zilichelewa kwa sababu mashua ya wageni ilikwama njiani. Zilikuwa siku za bamvua, wakati wa mwezi mpevu, ambapo maji hupwa mbali sana na hurudi kwa haraka. Wageni walipomaliza kugawa zawadi na kuondoka, Nahodha alikuwa ameshaanza kutazama mchanga. Ulikuwa unang'aa, na kwa mtu anayeujua, mchanga unaong'aa wakati hakuna mvua maana yake maji yako chini yake tayari.

"Mwalimu, tupakie sasa," alisema.

Hapakuwa na giza wala mawingu. Jua lilikuwa kali, na joto lilifanya upande wa mbali wa fungu utetemeke, hata kijiti kikaonekana mara kipo, mara hakipo. Mwalimu Mkuu alisimama kati ya mitumbwi miwili, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, akaita majina. Kila aliyeitwa aliitika akapanda. Mimi nilikuwa mbele ya mtumbwi wa kwanza, kamba mkononi, mgongo kwa wenzangu.

"Kibwana!"

"Nipo, Mwalimu."

Niliisikia. Ilikuwa sauti yake na mafua yake. Ilitoka upande wa mtumbwi wa pili, karibu, wala haikuchelewa. Mwalimu akaendelea na jina lililofuata.

Tulipofika kijijini kwetu, ambako wazazi wa visiwa vyote walingoja, niliruka matopeni na kuushika mtumbwi. Watoto wakashuka. Shangazi yangu alikuwa amekuja kumpokea mwanawe, kanga moja begani ya kumfunika kwa ajili ya yale mafua. Mtumbwi wa kwanza ukaisha. Mtumbwi wa pili, ambao Mwalimu Mkuu mwenyewe alikuwemo, nao ukaisha.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yupo," tulimjibu wengi kwa pamoja. Sisi wa mtumbwi wa kwanza tulidhani alipanda wa pili, nao wa pili walidhani yuko kwetu.

"Nimemwita mimi mwenyewe, mama," alisema Mwalimu. "Ameitika."

"Umemwita mara ngapi?"

Mwalimu hakuelewa kwa nini anaulizwa hivyo. "Mara moja," alisema. Shangazi alikaa chini matopeni.

Nahodha aliusukuma mtumbwi majini, akaniita mimi nikae mbele, na Mwalimu akapanda bila kuambiwa, na viatu vyake. Nahodha alisimama nyuma na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chini, akawa anasukuma kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu wa umri wake.

Fungu halikuwepo tena. Pale tulipokimbia mbio asubuhi palikuwa na maji matulivu, ya rangi ya chai ya maziwa, na kitambaa chekundu kilikuwa kimejilaza juu yake. Vichwa vya mikoko vilitokeza nje kama watu waliochuchumaa. Hakukuwa na ndege. Nilitazama kila upande mpaka macho yakauma.

Mwalimu akasimama mtumbwini. "Kibwana!"

"Nipo, Mwalimu."

Ilikuja mara moja, hata kabla hajafunga mdomo. Ilitoka kushoto, upande wa mkondo, ambako hakuna mti wala mchanga, ni kina kitupu.

"Kule," alisema Mwalimu. "Geuza, mzee, geuza."

"Sigeuzi."

"Humsikii? Mtoto anazama."

"Namsikia sana," alisema Nahodha. Alikuwa ameuchomeka upondo chini na kuukumbatia ili mkondo usitusogeze. "Mtoto wetu hawezi kuitikia upesi hivyo akiwa ng'ambo ya maji. Kaa, Mwalimu. Usimwite tena. Tumtafute kwa macho."

Mwalimu alikaa. Nilidhani atabisha. Aliweka viganja kwenye kingo za mtumbwi na kutazama kulia, upande wa kichaka, na midomo yake ilikuwa inatikisika lakini jina halikutoka.

Tulizunguka kichaka mti kwa mti, kimya. Ni kazi ngumu kumtafuta mtu bila kumwita. Unajisikia kama mwizi. Kila tawi lina umbo la mkono, kila tone linaloanguka unageuka. Hatimaye niliona kitu kama fundo la mti, halafu fundo likafumba macho na kufumbua. Kibwana alikuwa amekaa kwenye panda ya mkoko, maji kiunoni, ameukumbatia mti kwa mikono na miguu. Alikuwa anatutazama. Tulikuwa tumepita karibu yake tayari mara moja, na hakusema kitu.

Nahodha alimshika kichwani kwanza, kiganja chote, kama mtu anayepima joto. Halafu akamtoa mtini. Mwalimu alivua koti lake na kumfunika.

"Kwa nini hukujibu?" alimuuliza kwa upole. "Ulisikia nikikuita?"

"Nilisikia."

"Mara ya kwanza, tulipokuwa tunapanda?"

"Ndiyo. Nilikuwa nangoja uniite tena." Alilivuta koti la Mwalimu mabegani. "Halafu nikajisikia nimeitika. Nikaona mmepanda, mnakwenda. Nikajua mimi nimeshaondoka."

Nahodha aliuchomoa upondo na kuugeuza mtumbwi kuelekea nyumbani.

Mwalimu Mkuu alibaki shuleni kwetu. Aliendelea na sheria zake za usafi na gwaride, na alikuwa mwalimu mzuri, lakini majina aliyaita mara mbili tangu siku hiyo, hata ndani ya darasa, hata kwa mtoto aliyekaa mbele yake. Hayo niliyasikia kwa wengine, kwa sababu mimi sikurudi darasani. Nilikuwa nimeshaonja kukaa mbele ya mtumbwi. Nahodha alinichukua moja kwa moja.

Yeye ndiye aliyenifundisha namna ile. Tulipopakia watoto hatukuita jina. Kila mtoto alipita chini ya mkono wetu na tulimgusa kichwa, na ambaye hatujamgusa hajapanda, hata kama sauti yake imesikika. Ni namna ya polepole. Ukitaka kuifanya vizuri lazima uanze kupakia mapema, na lazima mtoto mwenyewe ajue kwamba asipoguswa mtumbwi hauondoki.

Nilipochoka na visiwa, maana nilichoka upesi na kila mahali, nilipanda na mto hadi Utete, nikapata kibarua kwenye kivuko. Karani aliyetusimamia alikuwa mtu wa kalamu na tabasamu. Siku ya kufunga shule aliniona nikiwagusa watoto wakati wa kuvuka.

"Unawabariki?" aliuliza. "Hatukukuajiri uwe sharifu."

"Nahakikisha wapo, Bwana Karani."

"Basi nawa mikono kwanza. Una lami hadi viwikoni."

Nikanawa, nikaendelea. Baada ya hapo nilikaa kambi ya barabara Nyamwage, kisha Kibiti, ambako nilikuwa mtumishi wa shule na siku ya kufunga nilipakia watoto kwenye lori. Kibiti ni nchi kavu. Hakuna maji ya kuita ng'ambo yake. Hata hivyo mkono ulikwenda wenyewe, na Bwana Mkaguzi, Mzungu aliyekuja siku moja kukagua shule, alidhani ni adabu ya Kiislamu akavua kofia. Sikumsahihisha.

Nilipostaafu nilikuwa na swali moja tu lililobaki. Nimezurura sana na kuuliza mengi, lakini hili sikuwahi kumuuliza mwenyewe. Kibwana alikuwa amehamia Mtawanya zamani, analima mihogo na korosho. Hakuitwa tena jina lake. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa aliitwa Baba Zainabu, na kabla ya hapo kila mtu alimwita kwa kukohoa au kumgusa. Nilimkuta akianika korosho uani.

"Mzururaji," alisema. "Umechoka barabara au barabara imekuchoka?"

"Tumechokana."

Tulikula, tukasema habari za waliokufa, halafu nikauliza. Ile sauti, miaka yote hii, anafikiri ilikuwa nini?

Aligeuza korosho kwa kiganja, hakuinua kichwa.

"Mwanzoni niliiogopa," alisema. "Nililala na taa hata baada ya kuoa. Mke wangu alikuwa ananiuliza, baba, unamngoja nani? Siku hizi naionea huruma."

"Huruma gani? Ingekuua."

"Huenda. Lakini fikiria. Yule hakuwa na jina, ndiyo maana akaitikia langu. Alisema yupo, na mlimwamini. Mkampakia, mkavuka naye mkondo wote, mkafika naye mahali penye moto na chakula na mama amesimama na kanga. Wote wakashuka, kila mmoja akapokewa." Alitoa jiwe kati ya korosho na kulitupa. "Yeye hakupokewa na mtu, akajirudia majini. Nanyi mkarudi kunitafuta mimi."

Jua lilikuwa limeshafika kwenye ukuta, na mjukuu wake alikuja kuuliza kama nitalala. Kibwana akamjibu kwamba nitalala, amwongezee mgeni mkeka, na mlango wa uani usifungwe, kama kila usiku.