Mwalimu Octave Ajifunza Kunyamaza

"Wamenipa chai, wamenipa sambusa, wamenipa na kasha la picha, Mama Carmel, na muda wote huo walikuwa wananifundisha kitu kimoja tu: kunyamaza. Mimi. Mwalimu."

"Na umefaulu?" nikamwuliza.

"Usinitanie."

"Sikutanii. Tangu uingie humu, cherehani yangu haijapata nafasi ya kusema."

Mwalimu Octave aliliweka kasha lake juu ya meza yangu ya kukatia, juu ya kitenge cha mtu. Nikamwambia aliondoe, akaliondoa bila kukatiza malalamiko yake. Ilikuwa likizo ya Pasaka, mwaka 2017. Chumba changu cha kushonea kiko Doornfontein, hapa Johannesburg, ghorofa ya pili, na kampasi ya chuo iko mtaa wa pili tu. Huko ndiko shirika moja kutoka Amerika lilikuwa limewakusanya walimu wa historia. Hapa Afrika Kusini watoto wa matriki, darasa la mwisho, wanasoma pia jinsi watu weusi wa Amerika walivyodai haki zao. Basi wale Waamerika wakaja na semina na vifaa, kuwaonyesha walimu wetu namna ya kulifundisha somo hilo.

"Msichana mdogo, Mama Carmel, ningeweza kumzaa, anasimama mbele yetu anasema: mwonyesheni mtoto picha, mwulizeni anaona nini, halafu msiseme kitu. Nikamwuliza, na mtoto asiposema? Akasema, subiri tu. Nikamwuliza, na kengele ikilia? Akacheka. Mimi sikuwa nachekesha."

"Labda anasema kweli."

"Kwa shule zao, zenye maktaba. Kwangu mimi, nikinyamaza ni nani atasema?"

Lakini hakuja kwa ajili ya kulalamika peke yake. Shule yake iko Hillbrow, ndani ya jengo lililokuwa la ofisi, na darasa lake ndilo ukumbi ambao Jumatano na Jumapili unakodishwa na kanisa la Wakongomani wenzetu. Pasta hataki misumari wala gundi kwenye kuta zake. Ameshawahi kumrudishia mkuu wa shule ramani ya Afrika ikiwa imekunjwa kama shuka. Sasa Octave amepewa picha kubwa za kutundikwa, na hana ukuta. Alitaka nimshonee kitambaa kirefu chenye mifuko ya plastiki inayoonyesha kilicho ndani, akikunje Jumanne, akikunjue Alhamisi.

Nikamwambia kazi hiyo nitaifanya, ila anionyeshe picha zenyewe nipime.

Hapo nieleze kidogo huyu mtu ni nani, maana ukimsikia bila kumjua utafikiri anapenda sauti yake tu. Anaipenda, sikatai. Lakini kuna sababu. Octave ni mtu wa Bukavu, amelelewa na masista katika shule ya bweni, na ukimwona anavyokula ugali utajua: kiwiko hakigusi meza, na neno halitoki mpaka tonge limeshuka. Alipokuwa mwalimu kule, kitabu cha historia kilikuwa kimoja kwa shule nzima, na mgongo wake ulikuwa umetafunwa na panya. Alikuwa akikisoma nyumbani, akikipanga kichwani, asubuhi anasimama na kuwasomea watoto waandike. Kichwa cha somo. Piga mstari. Nukta. Mstari mpya. Mtoto aliyekosa siku hiyo amekosa somo lenyewe, kwa sababu hakuna mahali pengine lilipoandikwa.

Vita vilipokuja watu walikimbia na masufuria. Huku Johannesburg Octave alisimama miaka mingi kama mlinzi kwenye geti la ghorofa moja ya Hillbrow, akisubiri diploma yake itambuliwe. Mpangaji mmoja wa pale aliniambia kwamba hakuweza kupita na mkate wake kabla ya kusikia kwa nini Napoleon alishindwa na baridi ya Urusi. Diploma ikatambuliwa, akavua ile sare, akapata shule. Sare aliirudisha imepigwa pasi.

Sasa shule hiyo ilikuwa inamponyoka. Mwezi Machi mshauri wa masomo wa wilaya, Mama Radebe, alikaa nyuma ya darasa lake akaandika kwamba wanafunzi hawakufungua mdomo. Mkuu wa shule akampeleka semina, akamwambia waziwazi: Mama Radebe anarudi Mei, na akikuta hali ni ileile, matriki atapewa mtu mwingine. Na shule haikuwa na darasa jingine la kumpa.

"Geti bado lipo palepale," Octave alisema, akijaribu kucheka.

Akafungua kasha. Picha ya kwanza ilikuwa ya watu weusi wanatembea kando ya barabara, wengi, wamevaa makoti. Octave akanieleza kwamba ni mji mmoja wa Amerika ambako watu walichoka kunyanyaswa kwenye mabasi, wakayasusia mwaka mzima na zaidi, wakawa wanakwenda kazini kwa miguu. Alieleza vizuri, kwa tarehe na kila kitu. Mimi nilikuwa namtazama mwanamke mmoja mwenye mfuko mkononi.

"Huyu anakwenda kazini au anarudi?"

"Anakwenda."

"Umejuaje?"

"Mama Carmel, mimi ni mwalimu."

"Hilo nimelijua zamani. Nauliza umejuaje. Kama anakwenda, bado ana sakafu za watu za kusugua siku nzima. Kama anarudi, amezisugua tayari na bado anatembea. Si kitu kimoja."

Akaikaribia picha, akaisogeza dirishani, akairudisha. "Swali hilo haliko kwenye mtihani."

"Basi una deni langu. Siku utakayonijibu ndiyo siku utanilipa."

"Nitakutafutia," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekasirika.

Shule zikafunguliwa. Mtoto wangu Carmel alikuwa katika darasa lake hilohilo la matriki. Carmel nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, amezaliwa huku, nimeshazoea. Hapa namwandika kwa Kiswahili. Siku ya somo lenyewe alirudi akajitupa kitandani kwa kicheko, akanipa daftari lake. Mimi niliishia darasa la sita, lakini maandishi yake nayaweza. Yalikuwa yamepangwa vizuri, kichwa kimepigiwa mstari, na chini yake:

Moja. Waonyeshe wanafunzi picha. Mbili. Waulize wanaona nini. Tatu. Subiri. Usiwajibie.

"Hii ni nini?"

"Ni somo. Ametusomea tukaandika. Tukamwuliza kama itatoka kwenye mtihani, akasema tukariri yote."

Mwalimu Octave alikuwa amekichukua kitabu cha mwongozo, kile alichopewa yeye na Waamerika ili ajue namna ya kufundisha, akawasomea watoto waandike. Nukta, mstari mpya. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu Carmel akasema kwamba mkuu wa shule alipita mlangoni, akasoma ubao, akaondoka. Kicheko kikanikauka.

Kesho yake Octave alikuja kuchukua kitambaa. Nilikuwa nimetumia kitambaa kizito cha marekani, maana ndicho kinachobeba, na mifuko nilikuwa nimeipiga mishono miwili. Hakukitazama. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Umesikia," alisema.

"Hillbrow nzima imesikia. Ulikuwa unafikiria nini, Mwalimu?"

"Sikufikiria. Nilisimama mbele yao, picha iko mkononi, nikauliza, wakanitazama. Kimya kile, Mama Carmel. Nikaona kama wanatoka mlangoni mikono mitupu, hawana somo la kuondoka nalo. Mdomo wangu ukashika kitu cha karibu ukakisoma."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, nina majibu mengi ya aina hiyo, lakini akaendelea.

"Mwaka juzi nilikutana na kijana kule Mayfair, anauza simu. Akaniita, Mwalimu. Sikumkumbuka, kumbe nilimfundisha Bukavu. Akanisomea somo langu zima, kutoka kichwa cha somo mpaka nukta ya mwisho, amesimama barabarani. Daftari lake liliungua vitani pamoja na nyumba yao. Somo lilibaki. Sasa niambie: ningenyamaza siku ile, angekimbia na nini?"

 Watu wananijua, wangefikiri hapo nilimfundisha kitu. Sikumfundisha. Alikuwepo mteja anasubiri kupimwa, gauni la ubatizo wa mjukuu wake, nikaweka pini mdomoni nikapiga magoti kwenye pindo lake. Octave akabaki ananitazama muda mrefu.

"Hapo tu ndipo huwa unanyamaza," alisema. "Ukiwa na pini mdomoni."

Nikamwonyesha ngumi. Akachukua kitambaa chake, akatoka.

Mama Radebe alikuja Alhamisi moja ya Mei, baada ya ibada ya Jumatano. Yaliyotokea nimeyapata kwa Carmel, na Carmel hana tabia ya kuongeza chumvi, ni mvivu mno. Octave alikitundika kitambaa kwenye zile ndoano mbili ambazo kanisa linatundikia bango lake. Picha zote zilikuwa mahali pake. Akaandika ubaoni sentensi moja tu: Mwanamke mwenye mfuko, anakwenda kazini au anarudi? Halafu akatoa pipi ya mnanaa mfukoni, ile kubwa nyeupe, akaitia mdomoni, akafunga mdomo.

Darasa likangoja. Yeye akangoja. Carmel anasema jasho lilikuwa linamtoka kwenye kipaji cha uso na shavu limevimba upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Mara mbili alinyanyua mkono kama anayetaka kuongea, mara mbili akaushusha. Mtu aliyelelewa na masista hawezi kusema na kitu mdomoni, angekufa kwanza.

Mwishowe mmoja akasema, anakwenda, angalia koti lake, ni asubuhi kuna baridi. Mwingine akasema, jioni pia kuna baridi, eish, wewe hujui kwamba huko kuna majira? Wa tatu akasema mfuko umejaa, kwa hiyo anarudi, amepewa nguo za kufua. Hapana, ni viatu vya kazi, amevaa vya kutembelea. Wakainuka, wakasongamana mbele ya kitambaa. Carmel mwenyewe akasema kwamba mama yake anafikiri si kitu kimoja, kwenda na kurudi, na wakamwuliza kwa nini, akalazimika kueleza.

Halafu msichana mmoja anayeitwa Nokuthula, ambaye tangu mwaka uanze hakuwa amesema neno, akasema kwamba gogo wake, yaani bibi yake, alifanya hivyohivyo. Hapahapa Johannesburg. Alikuwa msichana, anaishi Alexandra, nauli ya basi ikapandishwa, na watu wa Alexandra wakakataa mabasi wakatembea mpaka mjini. Gogo alimwambia kwamba kwenda haikuwa taabu, kwa sababu asubuhi watu waliimba. Kurudi ndiko hakuna aliyeimba.



Mtu akamgeukia Octave. "Sir, sasa jibu ni lipi?"

Octave alingoja mpaka pipi ikaisha. Alimeza. Akamtazama Mama Radebe kule nyuma, akaitazama picha.

"Sijui," alisema. "Picha haisemi. Na habari za gogo wa Nokuthula nilikuwa sizijui vizuri kama yeye. Nokuthula, tuambie tena, polepole. Ninyi wengine, andikeni."

Kwa hiyo wakaandika. Mtu habadiliki kwa siku moja tu.

Mama Radebe alimwachia matriki. Katika ripoti alisifu kitambaa, akasifu swali, akaongeza kwamba mwalimu asile pipi darasani, ni mfano mbaya kwa wanafunzi. Octave alilalamikia mstari huo kwa mkuu wa shule, kwa mke wake, na kwa dereva wa teksi.

Kwangu alikuja Jumamosi. Nilikuwa na nguo za harusi mpaka kwenye dari na mdomo umejaa pini. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuanza kusema kabla ya kufika.

"Nimekuja kulipa," alisema. "Uliniuliza kama anakwenda au anarudi."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sijui, Mama Carmel. Nimetafuta. Sijui."

Akakaa kimya. Nilitoa pini moja moja nikazichoma kwenye mto wa pini, sikuwa na haraka, nami nilikuwa bado namfikiria yule mwanamke na mfuko wake, na gogo wa Nokuthula jioni, hakuna aliyeimba.

"Deni limekwisha," nikamwambia. "Sasa sogea huko, umenizibia dirisha."