Waridi Lililoanikwa Kambani

Habari aliileta fundi cherehani wa mlango wa pili, pini bado ziko mdomoni: dobi kaunyonga mti wa mkewe. Kautundika kichwa chini kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashati ya watu. "Shoga, upweke umempanda kichwani," alisema, akaapa kwamba magauni yake hayapeleki tena kule, asije akayakuta nayo yamekatwa mikono.

Mama Kichanga, ambaye jina hilo lilimganda ingawa mwanawe sasa alikuwa anatambaa, alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Mti ule aliujua. Chumba chake kilitazamana na kibanda cha dobi, na tangu ajifungue alikuwa mtu wa kukaa kizingitini, kunyonyesha na kutazama. Lilikuwa waridi la jangwani, kijiti kifupi chenye shina lililovimba kwa chini kama paja la mtoto aliyeshiba. Mke wa dobi aliuotesha kwa mbegu alizotoka nazo kwao, nchi kavu, akaulea kwenye sufuria iliyotoboka. Ulipochanua, maua yake mekundu yalionekana toka barabarani. Kisha akapata kazi ya kutunza wazee ng'ambo, akaenda. Kila akipiga simu, akishamjulia hali mumewe, huuliza: na ua langu je? Dobi humjibu, halijambo.

Mama Kichanga akamfunga mwanawe mgongoni, akachukua shuka moja chafu la kusingizia, akavuka.

Mti ulining'inia kivulini kweli, mizizi juu, umebanwa kwa vibanio vya nguo. Nusu ya mizizi haikuwepo, na palipokatwa pamepakwa jivu la mkaa wa pasi. Dobi mwenyewe alikuwa ameinamia kola ya shati la mtu.

"Kaka, huu mti umekukosea nini?"

"Haujanikosea. Mimi ndiye niliyeulewesha," alisema.

Akamsimulia huku pasi ikienda. Msimu wa baridi ulipoingia majani yakaanza kudondoka, naye akadhani ni kiu, kumbe baridi ikija mti ule hulala tu. Akaumwagia. Mkewe alipomwambia kwamba mkataba umeongezwa, akazidi kuumwagia. Dobi na maji hawaachani, kopo lilikuwa mkononi muda wote. Mpaka asubuhi moja alibonyeza shina, kidole kikazama, kikatoka na harufu. Siku hiyo akapiga simu yeye, akasema ukweli wote.

Mkewe hakufoka. Alimwelekeza taratibu, kama mtu anayemfundisha mwenzake kupika. Ung'oe, ukung'ute udongo wote. Kata palipooza mpaka ukute nyama nyeupe, ngumu, na kisu ukifute kila unapokata. Paka jivu. Tundika kivulini hadi kidonda kikauke na kujifunga, wala usiuonee huruma. Ndipo uupande kwenye mchanga mnene wa chenga na kokoto, chombo kiwe na tundu, ukae juani. Maji usiupe mpaka uone umeshika, na hata ukishashika, ngoja mchanga ukauke hadi chini kabisa.

"Halafu akaniuliza, ulikuwa unaumwagia wakati gani?" Dobi aliisimamisha pasi pembeni. "Nikamwambia, nikikukumbuka."

Mama Kichanga hakujua aangalie wapi. Akauliza, kwa sauti ndogo, mwenzake alijibu nini.

"Alinyamaza. Salio likaisha bado amenyamaza."

Jibu hilo Mama Kichanga alirudi nalo nyumbani pamoja na shuka lake, alisahau hata kuliacha. Kumbe yote alikuwa ameyaona. Alikuwa amemwona dobi akiacha shati katikati, akaitazama barabara, akachota maji. Yeye alidhani ni bidii.

Kidonda kilipojifunga, dobi aliupanda vile vile alivyoambiwa. Mwanzoni alijikaza. Alipapasa shina tu, akarudi kwenye beseni lake. Hata kichipukizi cha kijani kikachomoza, na fundi cherehani akaanza kusema yeye alijua toka mwanzo.

Kisha mchana mmoja mkewe akapiga simu. Dobi aliisikiliza muda mrefu, akiitikia haya, haya, sawa mke wangu. Alipoikata alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo. Mama Kichanga alimwona amesimama juu ya sufuria, kopo limejaa. Akalimwaga mtaroni. Akachota tena. Akasimama tena, matone yakidondoka kwenye kandambili zake.

Mwishowe aliliacha kopo, akainyanyua sufuria, akavuka nayo mpaka kizingitini. Povu lilikuwa bado limemkaukia viwikoni. Mtoto akarusha mkono kukidaka kile kichipukizi, dobi akauinua mti juu ya kichwa chake.

"Utomvu wake sumu, uuweke mbali na huyu. Juu ya dirisha lako pale jua linapiga vizuri," alisema. "Nakuomba dada, kaa nao wewe mpaka arudi. Na ukiniona navuka na maji, hata nikikupa sababu nzuri namna gani, nifungie mlango."