Wimbo Mmoja, Mtungi Mmoja

Ukinikuta soko la nyama la Burma Jumapili mchana, sahani ya nyama mezani na mtu ananiomba nimwimbie ule wimbo wangu, ujue ni ule ule. Sina mwingine ambao watu wanaujua. Unahusu mwanamke aliyekataa posa kwa sababu mchumba alikuja na viatu vya kuazima. Redio iliupiga, na sisi wanabendi tukaupiga kwenye harusi na kumbi za estate miaka mingi, mpaka harusi zikaanza kutaka kinanda kimoja na mtu mmoja. Bendi ikaisha. Nikabaki na kazi yangu ya mchana, karani wa stoo ya mifagio na mikokoteni ya taka, mpaka nikastaafu. Kwa haki niseme, mifagio niligawa vizuri kuliko nilivyopiga gitaa.

Kitu kimoja sikuacha ni daftari. Kila siku najaza ukurasa: nani alisema nini, mimi nilimjibu nini, na kama nilimkosea. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hivyo tahajia ni ya kubahatisha.

Mwaka jana wimbo ulinijia nikinyoa ndevu. Sauti yake ilikuja nzima, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayerudi kwake. Nilijikata kidevu. Nyimbo zangu huja vipande vipande, na zingine hukataa kuja kabisa, kwa hivyo ningepaswa kushuku. Sikushuku. Nilijiona nimeiva uzeeni. Maneno yalinichukua wiki mbili: mzee amestaafu, anashinda nyumbani, anagundua kwamba mke wake alikuwa na mchana wake mzima ambao yeye hakuujua, na sasa yeye ndiye anazuia njia ya ufagio.

Halafu nikafanya kosa. Nilisimama Burma nikawatangazia wote kwamba narudi, na wimbo mpya, niliotunga mwenyewe.

"Na ule wa viatu?" akauliza muuza nyama.

"Huo upumzike."

"Mzee, si ni wewe ungepumzika?"

Meza zote zikacheka. Usiku ule niliandika daftarini kwamba alikuwa na ukweli kiasi. Lakini neno lilishatoka. Kila Jumapili wakawa wananiuliza, wimbo uko wapi.

Nikaupeleka studio moja ya Dandora. Mwenyewe ni mama wa miaka arobaini hivi, aliyekuwa akiimba kwaya kabla ya kuingia rap, na kuta zake amezibandika trei za mayai ili sauti isivuje. Alinisikiliza macho ameyafumba. Niliona ni heshima.

"Iko poa, mzee wetu," akasema. "Lakini ni fupi. Ikifika tu kwa utamu, inakata."

"Inakata wapi?"

"Hapo mwisho. Inakata kama mtu amefunga kitu. Enda uongeze, urudi wiki ijayo."

Nikaenda kuongeza. Nilikaa na gitaa hapo mezani kwetu, mtaa wa Jericho, mke wangu upande wa pili akichambua maharagwe. Nikaimba mpaka pale unapoishia, nikaendelea na mistari minne mipya.

"Hapo maji yamemwagika," akasema bila kuinua kichwa.

"Maji gani?"

"Ya mtungi. Umejaa kitambo, na wewe bado unaimba."

Nilimwomba aeleze, akaeleza huku akitoa vijiwe kwenye maharagwe. Tulipohamia hapa maji yalikuwa ya mgao, na mfereji mmoja wa nje ulihudumia nyumba nane. Wanawake walipanga foleni, na foleni ilikuwa na vita, kwa sababu kuna waliojaza mtungi wa pili kwa siri na kuna waliosuuza ndoo huku wenzao wanangoja. Basi yeye akatunga sauti ya kuimba yenye urefu wa mtungi mmoja. Wimbo ukiisha unafunga mfereji, umejaa au haujajaa, unampisha mwenzako. Wimbo mmoja, mtungi mmoja. Vita vikapungua.

"Nilitunga nikingoja zamu yangu," akasema. "Wewe ulikuwa ndani umelala na gitaa lako."

Kwa haki, gitaa lilikuwa chini ya kitanda. Lakini kulala nililala.

"Sasa mbona hukuniambia? Wiki zote hizi unanisikia nikiuimba."

"Nilidhani unajua ni wangu." Akapeperusha maganda. "Nikafurahi."

Hilo neno la mwisho ndilo lililoniharibia siku.

Mimi si mtu wa kuhukumu bila ushahidi, hata kesi ikiwa yangu. Jumamosi maji yalipokuja niliweka mtungi chini ya mfereji nikaimba. Nilipomaliza, maji yalikuwa shingoni mwa mtungi. Nikajaribu tena kwa mwendo wa haraka, ili nijisaidie kidogo, na bado yalikaribia. Mara ya tatu jirani yetu, mama mzee wa foleni ile ya zamani, alikuwa anapita na beseni la nguo. Aliudaka wimbo katikati, akauimba hadi mwisho bila hata kunitazama, kwa maneno yao wenyewe, yanayomwambia mtu mwenye tamaa atoe mkono kwenye mfereji. Akaenda kuanika nguo zake. Wimbo wangu mpya.

Jioni nilipiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wangu niliandika: maneno, na ile mistari minne inayomwaga maji. Upande wake niliandika: vyote vingine. Halafu woga mwingine ukanishika, nikamfuata jikoni.

"Na ule wa viatu? Usinifiche. Nao ni wako?"

Alifikiri vizuri, nikamshukuru kwa kufikiri.

"Hapana, Baba watoto. Ule ni wako. Unajulikana tu."

Mwenye studio alinitumia fomu kwenye simu. Ilikuwa na nafasi ya jina la mwimbaji, hiyo nikaijaza upesi, na nafasi ya jina la mtunzi. Sitaficha kwamba niliandika langu. Lilikaa hapo tangu chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana. Burma hawangejua. Yule mama wa beseni hasikilizi muziki wa simu. Halafu nikalifuta, wala si kwa wema. Kila mke wangu aliponipita na ufagio alikuwa anauimba chini chini, bila nia yoyote mbaya, na mimi nikashindwa kula.

Nikamwambia nitaandika jina lake.

"Kwenye wimbo wa Burma? Wenzangu wa kanisa watasema nini?"

"Basi hautoki. Siwezi kuuita wangu. Nitawaambia Burma nilidanganya, wanicheke, nirudi kwa viatu."

Alikaa, akafuta mikono kwa leso.

"Nisomee maneno. Yote. Polepole."

Nikasoma. Akanisimamisha mstari wa tatu.

"Hapo unaposema mke anakufagilia miguuni kwa upendo. Nani alikufagilia kwa upendo? Nilikwambia uhamishe kiti."

"Ni wimbo tu."

"Jina langu likiwa hapo, hilo litoke. Na hapo, 'malkia wangu'. Umewahi kuniita malkia?"

"Sijawahi."

"Huniita nani?"

Nilitafuta jina zuri na sikulipata. "Nakuita 'wewe'."

"Weka 'wewe'."

Nikaweka. Likakaa kwenye ile sauti vizuri kuliko malkia, na nilichukia lilivyokaa vizuri. Tuligombania maneno mengine tisa mpaka chai ikapoa. Nilishinda mawili. Miaka yote ya bendi hakuna aliyewahi kunipinga neno hata moja. Nilidhani ni kwa sababu yalikuwa mazuri.

"Na ufupi?" nikauliza. "Yule mama anataka urefu."

Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wale wa kusuuza ndoo.

"Nani huchota mtungi mmoja akaenda zake? Ukiisha, anza tena. Wa pili huwa mzito, uimbe kama umechoka. Wa tatu uharakishe, watu wanakutazama."

Dandora tulienda wote wawili. Alivaa nguo ya kanisani, akakaa kwenye stuli, mkoba magotini. Mwenye studio alisikiliza mitungi yote mitatu, na mara hii macho aliyaacha wazi.

"Sasa hii imekamilika," akasema, akafungua ile fomu kwenye simu yake. "Mtunzi niandike nani?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, yenye haki kwa pande zote.

"Mimi," akasema mke wangu. "Sauti ni yangu. Maneno tumegawana. Huyu anaimba."

Mwenye studio akaandika, halafu akamgeukia yeye, si mimi, kumuuliza kama nilivyoimba inatosha. Haikutosha. Nilirudia mara saba. Ya tatu ilikuwa nzuri, lakini hakuna aliyeniuliza.