Cha Mungu Hakifunikwi

Mke wangu alinionya tukiwa bado Kitale, mlangoni, ameshika sweta ya mtoto. "Usimpeleke mlimani." Nikamjibu kama ninavyowajibu watu wa soko la Chwele wanaokataa bei yangu, yaani nikacheka kwanza. "Jumapili hakuna anayerina asali, mama watoto. Hata nyuki wanapumzika."

Binti yetu alikuwa ndio kwanza ameanza shule. Mwaka uliotangulia nyuki mmoja alimuuma shingoni nyuma ya nyumba, na kabla sijamaliza kufunga duka midomo ilikuwa imevimba na pumzi inapiga filimbi. Daktari alimwahi. Akatuambia akiumwa tena huenda tusimfikishe hospitali. Niliuliza mara mbili, nikitumaini atapunguza. Hakupunguza.

Kijijini sikusema. Sisi ni watu wachache, wa upande wa Bungoma wa Mlima Elgon, na kabla ya mahindi na kabla ya Biblia tulikuwa watu wa mizinga ya nyuki. Mtoto wa kwetu huumwa na nyuki kama watoto wengine wanavyoanguka: analia kidogo, anachekwa, yanaisha. Ningeanzaje kumwambia mama yangu? Ni kama mfugaji kuzaa mtoto anayedhurika kwa maziwa.

Nilichosahau ni kwamba Jumapili ile ilikuwa ya sadaka ya mavuno. Tulipoingia kanisani, lile letu la udongo na mabati, mtoto alikimbilia kwa nyanya yake, upande wa akina mama. Mimi nikakaa kwa wanaume. Ndipo nikaona sadaka mbele: mahindi, maharagwe, jogoo aliyefungwa miguu, na katikati beseni la masega ya asali mbichi, wazi kabisa. Kwetu cha Mungu hakifunikwi. Anayefunika sadaka ana anachoficha.

Nilijipa moyo. Asubuhi ya mlimani ni baridi, nyuki hawatatoka. Halafu jua likapiga bati.

Wa kwanza aliingia dirishani wakati wa wimbo wa pili. Wakafuata wengine, na wengine, hadi nikaacha kuhesabu, na mimi si mtu wa kuacha kuhesabu. Nyuki wakiingia ndani, kwetu hakuna kukimbia wala kupunga mkono. Wimbo unashushwa, watu wanatulia kama viti. Binti yangu naye alitulia, amefundishwa na nyanya yake.

Nikaanza kuomba, na nilianza na bei ya chini. Bwana, nitakuja kanisani kila mwezi. Nyuki akatua kwenye nywele za mtoto. Basi kila Jumapili. Akatembea kuelekea sikioni. Chukua duka, Bwana, na mizigo yake. Kimya. Yule wa juu si mtu wa Chwele. Habishani, hataji bei, anakutazama tu.

"Mama!" nikasema, na kanisa zima likanigeukia. "Mama, huyo mtoto akiumwa atakufa."

Wimbo ukakatika. Mama alivua leso mabegani polepole, akamfunika mtoto kutoka kichwani hadi miguuni, nyuki wengine wasimfikie. Kisha akafungua kitambaa chake cha kichwa, akaenda mbele na mvi zake wazi, akafunika beseni.

"We mama!" mzee wa kanisa akanong'ona kwa ukali. "Cha Mungu hakifunikwi!"

"Si ameshakiona?" mama akasema. "Ama macho yake ni kama yako?"

Mtu akacheka, akajikumbuka, akanyamaza. Mama akainua beseni, akatoka nalo mlango mkubwa, nyuki wakimfuata juu ya kichwa. Mimi nikavuka upande wa akina mama, nikabeba kile kifurushi cha leso, nikatokea mlango wa nyuma hatua kwa hatua, miguu ikitaka kukimbia bila mimi.

Kwenye shamba la mahindi nyuma ya kanisa nikamfungua.

"Baba, ananitekenya."

Alikuwa kwenye ukosi wa gauni, yule nyuki wa kichwani. Mama akaja nyuma yangu, beseni ameliacha mbali, kichwa wazi, vidole vinanata asali. Akaweka kidole kimoja kwenye ukosi, akangoja. Nyuki akapanda kidoleni, mama akaondoka naye taratibu kati ya mahindi.

Nilikagua shingo, masikio, mikono. Hakuna. Nikarudia. Hakuna.

"Ulificha," mama alisema aliporudi. "Ulidhani tutamrudisha dukani, ati ana kasoro?"

Nikamfunga mtoto leso upya.

Mzee wa kanisa alikuja kutuita, akisema mnada wa sadaka za mavuno unaanza, na bila mimi haunogi. Mama akamwambia atangulie. Tukabaki palepale, mtoto mapajani mwangu, nikisikiliza pumzi yake, nikingoja ile filimbi. Haikuja. Niliendelea kuingoja hadi Kitale.