Alama ya Kutoa Iliyomfuta Kiprono

Mwanangu wa kidato cha kwanza, kaa hapo, na usizicheke ndevu zangu. Ukifika kidato cha nne utatafuta zako kwa tochi. Siku nisiyoisahau ni ile ya mchujo wa mbio, mwaka wa elfu mbili na saba, hapa hapa Nakuru.

Klabu yetu ya kompyuta shuleni iliandika programu ya muda wa wakimbiaji kwa lugha ya kompyuta iitwayo C++. Lugha hiyo hukuruhusu kuipa alama ya kawaida kazi mpya. Tukaifunza alama ya kujumlisha hesabu ya saa: sekunde hamsini kujumlisha sekunde ishirini ziwe dakika moja na sekunde kumi. Tamu! Hata mwalimu wa michezo aliisoma bila kutuita wachawi.

Lakini mgema akisifiwa, unajua tembo hulitia nini. Rafiki yangu Harjit akaipa alama ya kutoa kazi ya kumfuta mkimbiaji aliyejiondoa. Hakuniambia.

Kila mtu alikimbia mara mbili, muda ukajumlishwa. Mwalimu akataka pia tofauti ya wawili bora. Nikaandika: wa pili, alama ya kutoa, wa kwanza. Skrini ikamtangaza Otieno mshindi. Kiprono, tuliyemwona akiongoza, hakuwepo kabisa.

"Boss, nimekimbia ama nimeota?" Kiprono akauliza, jasho bado linamtiririka.

"Kompyuta haidanganyi," mwalimu akasema. "Otieno, panda basi. Kwenye mashindano ya Gilgil wanamngoja mshindi wetu mmoja."

Nikasimama mlangoni mwa basi. "Mwalimu, hili haliendi."

"Nani amekufanya dereva?"

"Hakuna. Lakini haliendi."

Harjit alipousoma mstari wangu wa programu, akashika kichwa. "Msee, hiyo alama inafuta!"

Tukaipa kazi ya kufuta jina lake lenyewe, mfuteMkimbiaji, refu kama treni ya mizigo, na alama ya kutoa ikarudia hesabu yake. Kiprono akaibuka juu ya Otieno. Akikimbilia basi akapiga kelele, "Siku nyingine mnifute nikishakula!"

Basi, mwanangu, shika hili. Ahadi ni deni, na alama ni ahadi kwa atakayesoma baada yako. Ikifanya kile macho yanachotarajia, itumie bila woga, itakupunguzia maneno. Ikifanya jambo jingine, usiwe mvivu: andika jina, hata likijaza mstari.

Mungu akupe vidole vyepesi na kichwa kigumu. Na siku jina lako likipotea kwenye skrini, asikosekane mtu wa kusimama mlangoni mwa basi.